Kununua Programu ya Muziki au Kuilipia Kila Mwezi

Chukua mfano wa mvuvi wa Nkome, Geita. Analipa kibandani, anaingiziwa nyimbo kwenye memori kadi, basi. Atazisikiliza ziwani hata pasipo mtandao. Amelipa mara moja. Programu nyingi za kucheza muziki nazo ziliuzwa hivyo.

Siku hizi kampuni nyingi hutoza ada ya kila mwezi, mfano Spotify, iliyoingia Tanzania Februari 2021. Sababu ni kwamba aliyenunua mara moja haleti fedha tena, ilhali gharama za kuboresha programu, kuhifadhi nyimbo na kuwalipa wasanii haziishi.

Katika jibu lako usiandike kwamba mlipa ada amenunua nyimbo. Amekodi, kama mtu anavyokodi chumba. Nyimbo alizopakua Spotify hubaki ndani ya programu, na simu isipoingia kwenye intaneti angalau mara moja kila siku 30, hazichezi. Ada ikikoma, nazo zinafungwa. Memori kadi haina sharti hilo, ingawa nyimbo za kibandani zikinakiliwa bila idhini, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 imevunjwa na msanii hapati kitu.

Sasa hesabu. Tuseme programu inauzwa shilingi 15,000, au ada ya 3,000 kwa mwezi. Baada ya miezi 5 gharama zinalingana. Baada ya miaka 2 mlipa ada ametoa 72,000. Lakini anayeihitaji kwa miezi 2 tu hutoa 6,000, na kwake ada ni nafuu.