Plasta kwenye mguu uliopooza

Kiharusi si ugonjwa wa mjini peke yake. Utafiti uliofanyika Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006, baada ya kusawazisha tofauti za umri, ulikadiria kwamba kwa kila watu 100,000 hutokea viharusi 108.6 kwa mwaka huko Hai na 315.9 Dar es Salaam. Hai ni wilaya ya wakulima, kama zilivyo sehemu nyingi za Babati. Katika kata kama Sigino, mgonjwa akitoka hospitali harudi kwenye sakafu ya vigae. Anarudi kwenye kizingiti, uwanja wa udongo, na kijia kinachopita kati ya mahindi na mbaazi mpaka barabarani ziliko bodaboda. Mara nyingi kinachomwangusha humo ni ncha ya wayo, inayoburuza na kunasa.

Mguu wenyewe hauna kidonda. Tatizo ni amri ya ubongo, ambayo haifiki sawasawa kwenye msuli wa mbele ya ugoko, ule unaonyanyua wayo, huku msuli wa shavu la mguu ukikaza bila kuagizwa. Vidole vinaelekea chini, na ubavu wa nje wa wayo unatangulia kukanyaga. Ili asijikwae, mgonjwa anauzungusha mguu mzima kwa nje kama mtu anayefyeka nyasi. Anachoka kabla hajafika popote.

Wataalamu wa fiziotherapia wana njia kadhaa za kuukabili wayo huo, na mojawapo ni plasta. Kuna ngumu isiyovutika, inayoshikilia kifundo kisipinduke. Kuna na ile ya rangirangi inayovutika, iliyobuniwa na Mjapani Kenzo Kase katika miaka ya 1970, ambayo watazamaji wengi waliiona miilini mwa wanamichezo kwenye Olimpiki ya Beijing, 2008. Mgonjwa huketi, wayo ukanyanyuliwa, kisha utepe ukalazwa kutoka chini ya goti, kando ya ugoko, hadi juu ya wayo. Utepe wa pili huweza kupita chini ya kisigino na kuvuta ubavu wa nje kwenda juu.

Utepe huo hauna dawa, wala hauna nguvu ya kunyanyua wayo uliokakamaa sana. Inadhaniwa kwamba kila kifundo kinapojikunja unaivuta ngozi, na mvuto huo unaupa ubongo habari za mahali mguu ulipo. Majaribio yaliyofanyika nchi mbalimbali mengi ni madogo na ya muda mfupi. Baadhi yameonyesha nafuu kidogo katika mwendo na uwiano wa mwili. Mengine hayakuona tofauti na plasta ya kuigiza. Nafuu inapopatikana, kwa kawaida plasta imekwenda pamoja na mazoezi. Kwa hiyo mimi huitazama kama msaidizi wa zoezi: ikibandikwa asubuhi na mtu akashinda kitandani, imepotea bure.

Kujua kama inamfaa mtu huyu, ipimwe. Chagueni sehemu tambarare, pimeni mita 10, na ndugu atembee ubavuni upande wenye udhaifu. Hesabuni sekunde bila plasta, mgonjwa apumzike, kisha mrudie akiwa nayo na viatu vilevile. Jacquelin Perry na wenzake wa Marekani walionyesha mwaka 1995 kuwa anayekwenda chini ya mita 0.4 kwa sekunde, yaani mita 10 kwa zaidi ya sekunde 25, kwa kawaida huishia kutembea ndani ya nyumba tu. Anayevuka mita 0.8, yaani chini ya sekunde 12.5, anaweza kwenda sokoni. Sekunde zisipobadilika, na wayo ukiendelea kuburuza, fedha ya plasta ikanunue dawa za shinikizo la damu, au iwekwe akiba ya kifaa cha kushikilia kifundo. Kifaa hicho kina ushahidi mzuri zaidi, na hudumu kuliko utepe wa siku chache.

Siku hizi watoto wa mgonjwa, walioko Arusha au Dar es Salaam, humtumia plasta kwa basi, na hilo hunitia wasiwasi kidogo. Mguu uliopooza pengine hauhisi maumivu. Utepe uliovutwa mno unaweza kuchubua ngozi pasipo mwenyewe kujua, na mwenye kisukari yuko hatarini zaidi. Mara ya kwanza abandike mtaalamu, na familia ijifunze kwake. Kwanza kijaribiwe kipande kidogo kwenye ngozi safi, kavu, isiyo na mafuta. Akiwashwa, vidole vikivimba au kubadilika rangi, utolewe taratibu kwa kuulowesha maji au mafuta, usinyofolewe.

Na mguu uliokuwa ukiendelea vizuri ukilegea ghafla, uso ukapinda au maneno yakavurugika, msihangaike na kubandua wala kubandika. Mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo.