Ugumu wa maisha na ushuru wa halmashauri: Kuuliza hesabu ni haki, si fitina

 

Ndugu msomaji, leo tunapenda kuzungumzia jambo linalosemwa kila siku majumbani mwetu, barazani na hata kwenye ngazi za misikiti baada ya Swala. Jambo hilo ni ugumu wa maisha. Baba anatoka alfajiri na kurudi usiku, na alichokipata hakitoshi unga, mafuta, nauli za watoto na umeme. Mama anapunguza mlo, kwanza wake yeye, kisha wa wakubwa, ili wadogo walale wameshiba. Juu ya hayo anakuja mkusanya ushuru na mashine yake mkononi, naye hasikilizi neno la mtu ambaye tangu asubuhi hajauza kitu.

Watu wana hasira, nasi hatuwalaumu. Tunachokiona ni kwamba hasira hiyo humiminwa yote katika chungu kimoja. Tunasema "maisha magumu," tunaguna, kisha tunatawanyika. Tabibu hatibu homa kabla hajajua imetoka wapi. Bei inayotuumiza leo ina asili tatu, na kila asili ina dawa yake. Tukizichanganya, tutamlaumu asiyehusika na kumsahau anayehusika.

Bei inayotoka mbali

Asili ya kwanza ni mambo yaliyo nje ya uwezo wa mwenyekiti wa mtaa, diwani, na mara nyingine hata Serikali Kuu. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022, bei ya mafuta ilipanda duniani kote. Hapa Tanzania lita moja ya petroli ilipita shilingi 3,000, na Serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi Juni mwaka huo ili kupunguza makali. Nauli ilipanda, na nyanya iliyosafiri kwa lori nayo ikapanda.

Katika hali kama hii dini yetu ina mafunzo mawili. La kwanza lilitokea Madina, bei zilipopanda na watu wakamwomba Mtume (SAW) awapangie bei. Kama alivyopokea Anas (RA), Mtume alikataa, akabainisha kwamba Allah ndiye mwenye kuzuia na kukunjua riziki, na kwamba yeye anataraji kukutana na Mola wake hali ya kuwa hakuna anayemdai dhulma ya damu wala ya mali. Wanazuoni wamefahamu kwamba bei ikipanda kwa sababu ya uhaba wa kweli, kumlazimisha mfanyabiashara auze kwa hasara ni kumdhulumu.

La pili ni la Umar bin al-Khattab (RA) katika mwaka wa ukame unaojulikana kama Mwaka wa Ramada, yaani mwaka wa 18 Hijria. Aliwaandikia magavana wake walete chakula Madina, na yeye mwenyewe akajizuia kula samli na nyama mpaka watu wote wazipate. Inasimuliwa kwamba hata rangi ya ngozi yake ilibadilika. Kiongozi huyo hakuweza kuileta mvua, lakini aliweza kushiriki njaa ya raia wake. Wananchi huvumilia mengi wakimwona kiongozi anavumilia pamoja nao. Kinachowakera ni kuambiwa wafunge mkanda na mtu ambaye mkanda wake haujapata kusogea hata tundu moja.

Bei iliyotiwa mkono

Asili ya pili ni sisi wenyewe kwa wenyewe. Mtume (SAW) amemhesabu mwenye kuhodhi chakula ili kipande bei kuwa ni mkosaji, na amekataza kuwaendea wasafirishaji njiani na kununua mzigo wao kabla hawajafika sokoni na kuijua bei. Qur'ani nayo ina sura nzima, Al-Mutaffifin, inayofungua kwa kuwatishia wanaopunja vipimo.

Tuitazame lumbesa. Mkulima analazimishwa kujaza gunia mpaka lichongoke, kisha linafungwa kwa kamba juu na kuhesabiwa kuwa gunia moja. Mzigo huohuo ukifika mjini unapimwa kwa sado na kopo, na baadhi ya makopo hayo yamebonyezwa kitako. Mkulima amepunjwa kwa kupimiwa zaidi, mama wa mjini amepunjwa kwa kupimiwa pungufu, na katikati yao yupo mtu anayefunga Ramadhani kama wao.

Hapa sasa mtawala hana ruhusa ya kukaa kimya. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 Hijria, ameeleza katika kitabu chake cha Al-Hisba kwamba upangaji wa bei uko wa aina mbili: wa dhulma, unaombana muuzaji asiye na kosa, na wa uadilifu, unaowalazimisha wenye kuhodhi wauze kwa thamani ya haki pale watu wanapokuwa na dharura. Miji ya Kiislamu ilikuwa na muhtasib, aliyezunguka sokoni akikagua mizani, mikate na maziwa. Leo kazi hiyo imegawanywa kati ya Wakala wa Vipimo, maofisa afya na maofisa biashara wa halmashauri. Mwananchi ana haki ya kushangaa anapoona mkusanya ushuru anapita kila siku, ilhali mkagua mizani haonekani mwaka mzima.

Bei inayopita halmashauri

Asili ya tatu ndiyo inayotuhusu zaidi leo, kwa sababu iko karibu nasi na hutuzwi macho. Ushuru wa soko, ushuru wa mazao, ada ya taka na maegesho, kila kimoja ni kidogo. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho hubebwa na mnunuzi wa mwisho. Mfanyabiashara aliyelipa njiani huongeza alicholipa juu ya bei ya nyanya. Basi aliyelipa ushuru kwa hakika ni yule mama aliyenunua fungu moja.

Wenye umri kama wetu wanakumbuka kodi ya kichwa, na namna wanaume wazima walivyokimbilia porini waliposikia mgambo wanakuja. Kodi hiyo ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003 pamoja na utitiri wa ushuru mdogomdogo uliokuja kuitwa kodi za kero. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ukapunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Aidha, mwenye kusafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akaondolewa ushuru huo. Kabla ya hapo, mzazi wa kijijini aliyempelekea mwanawe wa mjini magunia mawili ya mahindi alisimamishwa kizuizini kama mfanyabiashara mkubwa.

Tunayataja haya ili ieleweke kwamba ushuru wa halmashauri haukushuka kutoka mbinguni. Umewekwa na watu katika kikao, na watu katika kikao wanaweza kuuondoa. Kupungua kwake kulitanguliwa na malalamiko ya miaka mingi ya wakulima na wafanyabiashara wadogo waliosema wazi ni ushuru gani unaoumiza, na unaumiza vipi.

Aliyekusanya atoe hesabu

Je, Uislamu unasemaje juu ya anayekusanya mali ya umma? Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) alimtuma mtu aitwaye Ibn al-Lutbiyya kukusanya Zaka. Aliporudi aliigawa mali mafungu mawili, akasema fungu moja ni la Waislamu na la pili yeye amepewa zawadi. Mtume (SAW) alipanda mimbari na kulisema jambo hilo mbele ya watu, akiuliza kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa wazazi wake aone kama zawadi hiyo ingemfuata. Tuzingatie kwamba hesabu haikuulizwa chumbani. Iliulizwa hadharani, na aliyeiuliza ndiye mbora wa viumbe. Atakayesema kwamba kuuliza hesabu ya fedha za umma ni kuleta fitina, na aisome hadithi hiyo upya.

Sheria za nchi nazo zimeacha mlango wazi. Katiba imeeleza kwamba lengo la kuwepo Serikali za Mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na hapo taarifa ya mapato na matumizi husomwa. Vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa mwananchi kwenda kusikiliza. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoa kila mwaka ripoti ya ukaguzi wa halmashauri zote. Pamoja na hayo, ni wangapi kati yetu waliohudhuria mkutano wa mtaa wao mwaka huu? Tunajaza ukumbi wa harusi, na mkutano unaozungumzia fedha zetu tunawaachia wazee watano na mbao za viti.

Tutoe mfano mmoja unaozigusa familia za Kiislamu moja kwa moja. Tangu mwaka 2018 sheria inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya kuonekana dosari nyingi katika utoaji na urejeshaji wake, ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Wakati fedha hiyo isiyo na riba ipo kisheria, dada zetu wanakimbilia mikopo ya kausha damu, wanachukuliwa vitanda na televisheni, na wengine wanahama nyumba usiku. Ushuru wanaoutoa sokoni ndio unaotunisha fungu hilo la asilimia 10, nao hawajui kwamba lipo. Na waliokopa zamani wakaona ni fedha ya Serikali isiyo na mwenyewe, wajue kwamba deni ni deni, na wenyewe wa fedha ile ni wauza mchicha.

Wajibu wetu sote

Kwa wakuu wa familia, tunanasihi mambo matatu. Kwanza, tupunguze israfu katika shughuli zetu, kwani hatuwezi kulia njaa Jumatatu na kuchangishana Jumamosi kwa ajili ya sare. Pili, tuhudhurie mikutano ya mitaa na vijiji, tuulize kwa adabu na kwa takwimu: soko letu limekusanya kiasi gani, na mtaro utazibuliwa lini? Tatu, tuwe waadilifu kwa wanaotutegemea. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, ikianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme aghalabu ni mpangaji. Mwenye nyumba anayemcha Allah atampunguzia mpangaji wake kiasi hicho katika kodi ya pango bila kungoja kuombwa. Hatuwezi kuidai haki kwa diwani tukiwa tumeikalia ya mpangaji.

Kwa viongozi wa halmashauri, tunasema kwa heshima: mnaowaondoa barabarani ni watu wenye watoto. Utaratibu wa mji ni jambo jema, na njia ni haki ya wapitao. Lakini oneni Jengo la Machinga pale Ilala. Kwa miaka mingi nafasi nyingi zilikaa tupu, kwa sababu wateja hawakufika huko. Kumpa mtu kizimba mahali pasipo na mteja si kumpa riziki. Waulizeni kabla ya kuamua, kwani Allah ameamrisha mashauriano hata kwa Mtume Wake. Na sufuria ya mama lishe mliyoichukua, rudisheni. Hiyo ndiyo ada ya shule.

Kwa wafanyabiashara, tunakumbusha kwamba mizani ya Akhera haibonyezwi kitako.

Ndugu msomaji, subira ni nusu ya njia. Nusu ya pili ni kusimama na kusema haki kwa ulimi mzuri, mahali panapostahili, mbele ya mwenye mamlaka ya kubadilisha. Tunamwomba Allah (SW) atukunjulie riziki za halali, awape viongozi wetu huruma na uadilifu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kutekeleza amana. Amin.

Wabillahi tawfiq.