Ukurasa wa Majibu

Mtu anayetoa kijarida chake mwenyewe, hata kama wasomaji wake ni thelathini na shangazi zake wawili, hufika mahali akajiuliza kama awatengee ukurasa wa kumjibu. Suala hili huzungumzwa kama la uhuru wa maoni. Kwanza kabisa ni suala la kazi: nani atazisoma barua, nani atazichuja, na nani atakayeitwa mahakamani.

Magazeti ya Kiswahili yamelikabili tangu zamani. Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya kikoloni ya Tanganyika mwaka 1923, lilichapisha barua na mashairi ya wasomaji. Aliyetaka kumpinga mwenzake kwa shairi alibanwa na arudhi, yaani kanuni za utungaji: kwa kawaida ubeti una mishororo minne, kila mshororo mizani, au silabi, 16, na vina vya kati na vya mwisho. Beti tatu za kumpinga mtu ni mizani 192, nazo huhesabiwa kabla ya kwenda posta. Hasira nyingi huishiwa pumzi kabla ya mizani ya arobaini.

Arudhi haikubuniwa ili kuzuia utovu wa adabu, lakini iliifanya kazi hiyo bila mshahara, kwa kumtwisha gharama anayejibu badala ya anayejibiwa. Ukali haukuzuiwa. Muyaka bin Haji wa Mombasa, mwanzoni mwa karne ya 19, alirushiana tungo za mafumbo na washairi wa Lamu wakati miji hiyo miwili ilipokuwa na uhasama, na fumbo humchoma zaidi anayelielewa. Kilichozuiwa ni uvivu.

Chujio la pili ni mhariri. Nafasi gazetini ina kikomo, na gazeti likichapisha barua yenye kashfa huweza kushtakiwa pamoja na aliyeiandika. Kwa hiyo kila barua husomwa, japo kwa woga.

Mwenye kijarida hana arudhi wala mhariri. Akiufungua ukurasa, yeye ndiye mhariri, mwanasheria na mfagiaji. Asipousimamia, utajazwa na wenye muda, ambao si lazima wawe wenye hoja. Akiufunga, hupoteza kitu kimoja cha thamani kubwa: masahihisho. Aliyekosea jina la samaki anamhitaji mvuvi kuliko anavyohitaji sifa.

Lakini mvuvi hahitaji ukurasa, anahitaji anwani. Njia nafuu, kwa asiye na saa za kusoma kila kitu, ni kupokea barua, kujibu zinazostahili na kuchapisha masahihisho kwa ridhaa ya walioyatuma. Ina kasoro moja, nayo si ndogo: wasomaji hawakutani. Malumbano ya kishairi gazetini yalinoga alipojitokeza mshairi wa tatu na kuonyesha kwamba wawili wa kwanza wamekosea wote. Kwa njia ya anwani, barua ya huyo wa tatu hufika mezani kwa mmoja wa wagomvi, ambaye ndiye atakayeamua kama inafaa kuchapishwa.