Kuandika Vigeu vya Mazingira bila Kutoa Siri

Kila programu ya kompyuta ianzapo kazi hurithi, kutoka kwa ile iliyoianzisha, orodha ya majina na thamani zake. Hivyo ndivyo vigeu vya mazingira, navyo vilijulikana kwa toleo la saba la Unix, lililotoka Bell Labs mwaka 1979. Baadhi yake havina siri, kama vile lugha itumikayo au saa za mahali. Vingine ni maneno ya siri na funguo. Vyote hukaa pamoja katika orodha moja, na humo ndimo ilimo hatari.

Programu ikikataa kufanya kazi, fundi hutaka kujua imepewa nini. Njia nyepesi ni kuiamuru iandike orodha nzima katika daftari la matukio. Lakini daftari hilo hunakiliwa, huwekwa kwa muda mrefu, na husomwa na watu wengi kuliko walioruhusiwa kuijua siri. Tarehe 3 Mei 2018 Twitter ilitangaza kwamba maneno ya siri yalikuwa yakiandikwa waziwazi katika daftari lake la ndani kabla hayajafumbwa, ikawashauri watumiaji wote, zaidi ya milioni 330, wayabadilishe. Mwaka 2021 nako ilibainika kwamba wadukuzi walikuwa wametia mstari mmoja katika programu ndogo ya Codecov, mstari uliopeleka vigeu vyote kwenye seva ya nje. Wezi waijua thamani ya orodha hiyo.

Wengi hudhani yatosha kuficha kila kigeu chenye neno PASSWORD au SECRET katika jina lake. Dhana hii haifai. Kigeu kiitwacho DATABASE_URL chaonekana kuwa anwani tu, kumbe mara nyingi neno la siri limo ndani ya anwani yenyewe. Lililo salama ni kinyume chake: yatajwe majina machache yaliyoruhusiwa kuandikwa pamoja na thamani zake, na mengineyo yote yafichwe. Kwa kigeu cha siri yatosha kuandika kwamba kipo au hakipo. Aghalabu hilo ndilo fundi alilotaka kujua.

Ziko pia programu zifunikazo siri kwa nyota, kama GitHub Actions. Huo ni msaada, si ngome. Maana hutafuta maandishi yaliyosajiliwa, na siri ikigeuzwa umbo, mathalani herufi zake zikitenganishwa kwa nafasi, yaweza kupita bila kutambuliwa.

Na siri ikishaandikwa, kufuta mstari ule hakutoshi, kwa kuwa hakuna ajuaye nakala zimefika wapi. Maji yakimwagika hayazoleki: hapana budi siri ya zamani ibatilishwe, itolewe mpya, kisha ndipo daftari lisafishwe.