Kasoko za Mwezini na Macho ya Wengi

Umri wa uso wa Mwezi husomwa kwa kuhesabu kasoko, yaani mashimo yaliyochimbwa na vimondo. Sehemu kongwe imepigwa mara nyingi. Iliyofunikwa na lava baadaye ina mashimo machache. Mawe yaliyoletwa na wanaanga kati ya 1969 na 1972 ndiyo yaliyowezesha hesabu hiyo kugeuzwa kuwa miaka.

Tangu 2009, chombo kinachouzunguka Mwezi kimepiga picha nyingi kuliko wataalamu wanavyoweza kuzikagua. Ndipo zikaanzishwa tovuti ambamo yeyote hufungua kipande cha picha na kuchora duara kuzunguka kila kasoko. Somo la kwanza ni kujua jua limetoka upande gani. Likiwa kushoto, kivuli cha kasoko hulala kushoto na nuru huangukia ukingo wa kulia; kilima huwa kinyume chake. Asiyelijua hilo huona kilima akadhani ni shimo.

Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya kulinganisha hesabu za watu wa kujitolea na za wataalamu kwenye picha zilezile. Wataalamu wenyewe walitofautiana, na wastani wa watu wa kujitolea ulikaribiana na wao.

Kwetu, hii ni habari njema. Mvuvi anayengoja bamvua anaujua Mwezi tangu utotoni. Mwanawe sasa anaweza kuupima, hata kama shule yake haina darubini. Wanafunzi wa Mbozi nchini Tanzania, penye kimondo kikubwa cha chuma, wanaweza kuona kazi ya vimondo katika ulimwengu mwingine.

Tusitie chumvi, hata hivyo. Hesabu ya mtu mmoja haitoshi. Nguvu iko katika wengi wanaosahihishana. Kubofya bila maelezo hakumfunzi mtoto. Tovuti nyingi ni za Kiingereza, bando ni gharama, na mwalimu bado anahitajika.

Lakini mwalimu anaweza kuanza na picha moja iliyochapishwa. Kila mwanafunzi ahesabu peke yake, kisha darasa zima lilinganishe majibu na kujadili kwa nini yametofautiana. Hapo watajifunza jambo litakalowafaa hata wakipima mvua au mavuno: kipimo huaminika kinapokaguliwa na wengine.