Kijiti Kipo, Sufu Haipo

Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi ya Makete, Mbeya na Mufindi huwa kali kiasi cha umande kuganda majanini, na biashara ya sweta na mablanketi huchangamka. Sehemu kubwa ya bidhaa hizo imetoka mbali: sweta za mitumba, na mablanketi ya kiwandani yenye nyuzi za plastiki. Ukiuliza kwa nini nyanda zenye baridi namna hii hazisokoti sufu yake zenyewe, utaambiwa upesi kwamba ufundi huo si wa kwetu, au kwamba viwanda viliuua. Majibu hayo hayatoshi. Ufundi wa kusokota uzi uliwahi kuota mizizi upande huu wa nchi na ukahimili ushindani mkali. Kinachokosekana leo ni malighafi, yaani kondoo mwenye manyoya yanayosokoteka, na anayetaka kuufufua ufundi huo hana budi kuanzia zizini.

Ushahidi wa ufundi wenyewe upo. Kilwa, wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua vizito vya kusokotea, vingine vikiwa vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati. Chombo hicho ni chepesi kukielewa: kijiti kimoja, na kizito kilichochomekwa karibu na ncha yake. Msokotaji hukizungusha, msokoto ukapanda kwenye pamba aliyoishika mkononi, naye akaivuta polepole ikawa uzi. Kizito hukifanya kijiti kiendelee kuzunguka hata vidole vikikiachia. Huku bara, watu wa bonde la Ziwa Rukwa, wa Ufipa na wa Unyiha, kule Mbozi iliyokuwa ndani ya Mkoa wa Mbeya hadi mwaka 2016, walilima pamba, wakaichambua, wakaisokota na kuifuma. Msafiri David Livingstone alipopita Ufipa mwaka 1872, merikani, kitambaa cha pamba kutoka viwanda vya Marekani, kilikuwa kimeshauzwa Zanzibar kwa miongo kadhaa na kusambazwa bara na misafara. Hata hivyo wafumaji wa Rukwa hawakuacha kazi. Waliendelea hadi karne ya 20. Kitambaa chao kilikuwa kizito na cha kudumu, na pamba yake ilitoka shamba la jirani bila kulipiwa upagazi. Hapo ndipo penye uzito wa hoja: ufundi ulisimama kwa sababu malighafi ilikuwa mlangoni. Baadaye mikoa ya kusini, Mbeya ikiwamo, iliwekewa karantini ya pamba ili funza mwekundu asivuke kutoka nchi jirani na kuyafikia mashamba ya Kanda ya Ziwa. Sababu ilikuwa ya haki, lakini msokotaji wa kusini alibaki na kijiti kisicho na pamba.

Tugeukie basi kondoo, ambao Tanzania inao kwa wingi. Tatizo ni kwamba karibu wote ni wa nyama. Kondoo mwekundu wa Kimaasai na yule wa kichwa cheusi wana nywele fupi, ngumu na zilizonyooka, ambazo hupukutika zenyewe. Sufu ni kitu kingine kabisa. Kila unywele wake una mawimbi madogo, na ngozi yake ina magamba yasiyoonekana kwa macho. Zikisokotwa pamoja, magamba hukamatana na mawimbi hutunza hewa, ndiyo maana sweta ya sufu huleta joto hata ikiloa. Merino ana sufu laini kuliko wote, nayo hufaa nguo inayogusa mwili. Corriedale, aliyetokana na merino na kondoo wa sufu ndefu, ana nyuzi nene kiasi na ndefu, rahisi kwa mkono wa anayejifunza. Romney ana nyuzi nene zaidi, zinazofaa mazulia na mablanketi mazito. Lakini maumbile hayakugawa sifa kwa usawa: kondoo wa Kimaasai, asiye na sufu, ndiye mwenye ukinzani mkubwa dhidi ya minyoo ya tumbo, na merino huishiwa damu upesi kwa minyoo hiyo hiyo. Jambo hili mipango mingi ya mifugo hulipita haraka mno.

Historia ya jirani inalithibitisha. Mlowezi Lord Delamere alipoleta merino Njoro, Kenya, mwanzoni mwa karne ya 20, wengi walikufa. Mafanikio yalikuja baada ya kupandisha madume ya sufu na majike ya Kimaasai, kizazi baada ya kizazi, na kuwahamishia kwenye malisho bora. Kwetu, uwanda wa Kitulo ulioko Makete, wilaya iliyokuwa ya Mkoa wa Iringa kabla ya Njombe kuwa mkoa mwaka 2012, ulifugiwa kondoo wa sufu katika miaka ya 1960, kisha shamba likageukia ng'ombe wa maziwa. Wapo wanaoona katika mageuzi hayo hukumu ya mwisho: kwamba sufu ilijaribiwa ikashindikana. Siwaungi mkono. Shamba kubwa la serikali likiuza sufu ghafi hushindana na Australia kwa bei ya kilo, na hapo halina njia ya kushinda. Mkulima mwenye majike kumi anayesokota mwenyewe, au anayemuuzia msokotaji wa kijijini, hauzi kilo. Anauza sweta, blanketi au zulia.

Pingamizi zito zaidi linahusu muda. Mfumaji mmoja huhitaji wasokotaji kadhaa ili asikae bure, na sweta ya mitumba huuzwa kwa bei ambayo hailipi hata siku moja ya kusokota. Hilo ni kweli kabisa, na anayewaahidi akina mama wa Makete kwamba watashindana na mitumba anawadanganya. Soko la uzi wa mkono ni la mnunuzi anayetaka kitu kizito, cha kudumu, chenye asili inayojulikana. Soko hilo lipo: kikundi cha Nanyuki Spinners and Weavers, kilichoanzishwa Kenya mwaka 1977, kimewapa wanawake kazi ya kusokota na kufuma sufu ya nchini kwao. Iringa mjini, Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, imeonyesha kwamba kazi ya mikono ya watu wenye ulemavu, ufumaji ukiwamo, hupata wanunuzi bila kuombewa huruma.

Vifaa havitamzuia mtu. Fundi seremala wa Mafinga anaweza kutengeneza gurudumu la kusokotea la kukanyaga kwa mguu, pamoja na jozi ya mbao zenye meno ya waya za kuchania sufu. Kinachodai subira ni damu ya mifugo. Madume machache ya Corriedale yakipandishwa na majike ya kienyeji, kizazi cha kwanza kitatoa manyoya mchanganyiko, sufu ikiwa imechangamana na nywele zinazokwaruza. Hayo yasifanywe sweta, maana mnunuzi atakayewashwa shingoni hatarudi. Yasokotwe nene, yafumwe mazulia na matandiko ya viti, huku majike bora yakiteuliwa kwa sufu na vilevile kwa kustahimili minyoo. Sweta zingoje kizazi cha tatu au cha nne.