Madoa Husema Umri, Hayasemi Jina



Katika toleo lililopita tulichapa picha ya kinda la ndege iliyopigwa bustanini mjini Arusha na kijana wa mwanachama mwenzetu, afanyaye kazi huko. Chini yake tuliandika kuwa ni mtoto wa kurumbiza, yule mwimbaji mwenye kifua cha rangi ya chungwa na nyusi nyeupe. Tulikosea, nasi twaomba radhi. Kijana ametuletea picha mbili zaidi za kinda yule yule, na hizo zimetuonyesha kuwa ni mtoto wa ndege mwingine: mkamata nzi wa kijivu, mwenye duara jeupe machoni, aliye mwingi katika bustani za Arusha na misitu ya Mlima Meru.

Kosa letu lilikuwa kutazama madoa. Kurumbiza na mkamata nzi ni wa ukoo mmoja, na watoto wao wote wawili huota manyoya yenye madoadoa. Vazi hilo huwaficha penye jua na kivuli cha majani. Nyusi nyeupe za kurumbiza, na duara la jicho la yule mwenziwe, hukamilika baadaye. Basi madoa husema umri tu.

Sisi wakulima jambo hili si geni kwetu. Karafuu nzuri na iliyovunda zaweza kufanana gunia likiwa kivulini. Mjuzi huzimwaga juani, akatazama kichwa, akaivunja moja kwa vidole. Na kwa kinda, haya ndiyo ya kutazama.

Kwanza, mkia. Manyoya ya mwilini hubadilika upesi, lakini ya mkia hukaa, nayo huwa na rangi ya wazazi tangu mwanzo. Kurumbiza mchanga ana mkia mwekundu wa kutu, wenye manyoya yaliyokoza katikati. Mkamata nzi ana mkia wa kijivu mtupu. Katika picha yetu ya kwanza mkia ulifichwa na jani, nasi tulibuni.

Pili, mkao. Mkamata nzi hukaa wima tawini, akashuka chini kuokota mdudu na kurudi. Kurumbiza hupenda kurukaruka chini ya vichaka.

Tatu, mdomo. Wa mkamata nzi ni mpana penye shina. Wa kurumbiza ni mwembamba zaidi. Ngozi ya manjano pembeni mwa mdomo isikupoteze, maana makinda wengi wanayo.

Nne, mwanga. Jua la jioni hugeuza kijivu kuwa hudhurungi, na ndivyo tulivyodanganyika. Ukubwa nao haupimiki pichani ila pawepo kitu kijulikanacho, kama tunda la mbuni.

Ndege huyu ana habari na visiwa vyetu pia. Gustav Fischer, daktari Mjerumani aliyekaa Unguja, alisafiri mwaka 1883 hadi nchi ya Meru na kuendelea Naivasha. Jina la kitaalamu la ndege huyu, fischeri, ni kumbukumbu yake.

Huenda mtu akauliza, kosa la jina moja lina dhara gani? Dhara lipo. Wanaohesabu ndege siku hizi hutegemea picha za watu kama sisi, na jina la uongo likiisha kuandikwa hunakiliwa na wengine. Basi atakayepiga picha kinda na apige tatu: ubavuni, mkiani, na akilishwa na mzazi, maana mzazi ndiye shahidi mkubwa. Asilichukue nyumbani kwa kudhani limetupwa. Mara nyingi wazazi wako karibu wakingoja aondoke.

Na akiwa na shaka, aandike "kinda, hajulikani". Si aibu. Sisi tungeandika hivyo mwezi uliopita, leo tusingeomba radhi.